Ukilaliwa chini, viwiko kwanza

Wengi wanaokuja kujifunza jiu-jitsu ya Brazili, mchezo wa kupambana chini kwa kubana na kukaba, katika ukumbi wetu hapa Bukavu wametoka kwenye judo. Mji huu una historia na judo: Popole Misenga na Yolande Mabika, walioshindana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi, wote ni wazaliwa wa Bukavu. Vijana hawa wanajua kuangusha na wanajua kuanguka. Tatizo linaanza wakishalaliwa, kwa sababu wanafanya mambo mawili ambayo kwenye judo yana maana, na kwenye jiu-jitsu yanawaponza.

La kwanza ni kujirusha kwa nguvu zote mara tu wanapobanwa. Kwenye judo, ukishikiliwa mgongo chini kwa sekunde 20 pambano limekwisha, kwa hiyo lazima ufurukute mapema. Jiu-jitsu haina hesabu hiyo. Mpinzani akikukalia kifuani na kutulia pale anapata pointi 4, na pambano linaendelea. Una muda. Anayefurukuta sekunde 20 za kwanza anabaki bila pumzi, na aliye juu hajatumia chochote isipokuwa uzito wake.

La pili ni kugeuka kifudifudi. Kwenye judo, mwamuzi akiona hakuna kinachoendelea chini, anasimamisha na kuwainua. Huku hakuna wa kukuinua. Ukimpa mgongo, anapitisha miguu yake ndani ya mapaja yako, anapata 4 nyingine, na mkono wake unaitafuta shingo yako kutoka upande usiouona.

Ndiyo maana wiki za kwanza sifundishi kutoka chini. Nafundisha kukaa chini bila kuumia, na somo hilo linaanzia kwenye viwiko. Kiwiko kikiachana na mbavu, goti la mpinzani linapanda hadi kwapani, na likishafika huko mikono yako inabaki hewani kama ya mtu anayezama. Kiwiko kikishikamana na mbavu, goti lake linakwama kiunoni kwako, mahali ambapo nyonga zako bado zinaweza kumtikisa. Viganja vikae karibu na kola ya kimono, yaani vazi la mazoezi, kama mtu aliyeshika koti lake penye baridi. Hapo shingo ina mlinzi, na hakuna mkono uliotoka nje kunyakuliwa.

Kosa ninaloliona kila wiki ni kusukuma kifua cha mpinzani kwa mikono iliyonyooka. Misuli inachoka upesi, na mkono ulionyooka ndio anaoutamani: anaukumbatia, anageuka, anapitisha mguu juu ya uso wako, na kiwiko kinalazimishwa kwenda upande ambao hakikuumbiwa. Tumia mfupa badala ya msuli. Akikulalia ubavuni, kigasha kimoja kikae chini ya taya lake, kingine kwenye nyonga yake. Sisi tunaviita nguzo. Nguzo ya nyumba haisukumi paa. Imesimama tu, nalo paa limekaa juu yake. Uzito wake ukishakaa juu ya mifupa yako, mapafu yanapata nafasi.

Kisha usibaki chali. Aliyelala chali amebanwa mabega yote mawili na nyonga zake hazisogei. Lala ubavu ukimwelekea, kanyaga sakafu, inua nyonga, halafu zichomoe kurudi nyuma. Wala usihangaike kumwondoa mtu wa kilo 95. Jiondoe wewe, kidogo kidogo, mpaka goti lako lipite katikati yenu. Miguu yako ikisharudi kati yenu uko kwenye gadi, na hapo wewe uliye chini unaweza kushambulia. Kumpindua kutokea gadi ni pointi 2. Kutoka tu chini hakuna pointi, na wengine hulidharau zoezi hili kwa sababu hiyo. Wanakosea.

Walioikuza sanaa hii waliijua shida ya kulaliwa. Mitsuyo Maeda, mwanajudo wa Kodokan, chuo cha judo cha Tokyo, aliingia Brazili mwaka 1914 na baadaye akamfundisha Carlos Gracie. Hélio, mdogo wake Carlos, alikuwa na umbo dogo, akaegemea zaidi mbinu za mtu aliye chini. Mwanawe Royce alishinda mashindano ya kwanza ya UFC, yanayokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali, Denver, mwaka 1993, akiwashinda wapinzani watatu usiku mmoja, na mmoja wao alikuwa mzito kuliko yeye kwa mbali.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni: "Mwalimu, binti yangu ana kilo 48. Mnamlaza chini ya vijana wakubwa?" Nikamwambia: "Hapana, mama. Anaanza na wa uzito wake, na yeye ndiye anayechagua wa kufanya naye. Akigonga mara mbili, ishara ya kusalimu amri, mwenzake anaachia papo hapo, bila swali." Kwetu hilo halina mjadala. Kabali inayobana mishipa ya pande zote mbili za shingo humzimisha mtu kwa sekunde chache. Mikono ikiwa imebanwa, unagonga kwa mguu au unapaza sauti. Asiyeachia anatoka kwenye tatami, mkeka wa mazoezi, siku hiyo.

Zoezi la kuanzia ni hili. Mmoja amkalie mwenzake kifuani kwa dakika 3 na ajaribu kupandisha magoti hadi kwapani. Aliye chini haruhusiwi kutoka. Kazi yake ni kurudisha viwiko kwenye mbavu kila vinapofunguliwa, na kupumua. Akijihisi anaziba pumzi, ahesabu kwa sauti. Hawezi kuhesabu huku pumzi imezibwa. Dakika 3 zikiisha, badilishaneni.