Sentensi Zote Zikianza na "Tuli-"

Mwanafunzi wa darasa la sita akiandika insha kuhusu soko la samaki la Kirumba Mwaloni, mara nyingi huandika hivi: "Tuliamka mapema. Tulikwenda Mwaloni. Tuliwaona wavuvi. Tulinunua dagaa. Tulirudi nyumbani." Sarufi haina kosa. Mwalimu huishia kuandika pembeni "ongeza ubunifu", na mtoto hajui afanye nini na maneno hayo.

Chanzo kimo katika Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu humbeba mtenda mwanzoni: ni-, tu-, a-, wa-. Anayesimulia mambo aliyoyafanya yeye na wenzake atarudia kiambishi kilekile asipojihadhari. Akiambiwa abadilishe, hubandika "halafu", "kisha" na "basi" mbele ya kila sentensi. Neno limeongezeka, lakini mpangilio umebaki vilevile.

Sisi tunaoandaa walimu chuoni tunawahimiza wamuulize mtoto swali moja: hapa unataka msomaji aone nini kwanza? Kama ni wakati, aanze na "Alfajiri". Kama ni mahali, aandike "Mwaloni kulikuwa kumejaa watu". Kama ni samaki, Kiswahili kinaruhusu kumtanguliza mtendwa, mradi kitenzi kimrejelee: "Dagaa tuliwanunua kwa mama mmoja aliyewaanika mchangani." Ile -wa- ndani ya "tuliwanunua" ndiyo inayoishikilia sentensi, na ni hazina ambayo shuleni tunaitumia kidogo mno.

Hali nayo yaweza kutangulia. "Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika." Kila mtoto wa visiwa vya Ukerewe anajua sababu: dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa hazina nguvu ya kuwakusanya. Ukianza na mwezi, msomaji ameshaishika sababu kabla hajafika kwenye tendo. Ukiugeuza mpangilio, taarifa ni ileile, ila msisitizo umehamia kwa wavuvi.

Hapa pana mtego. Wanafunzi wakishaipenda ile -ki- ya "ukiwa", huandika "Tukifika sokoni, mvua ilianza". Tendo lililokwisha kutokea mara moja linataka -po-: "Tulipofika sokoni, mvua ilianza." Lakini "Tukiwa njiani, mvua ilianza" ni sawa, kwa kuwa hali ilikuwa ikiendelea. Tofauti hii ifundishwe mapema.

Wala si kila marudio ni udhaifu. Mtoto aliyeandika "Baba alishona nyavu. Baba aliziba mtumbwi. Baba alilala njaa" huenda anarudia kwa makusudi, na takriri hiyo ina uzito. Mwulize kwanza, kalamu nyekundu ingoje.

Kwa zoezi, mwanafunzi aandike neno la kwanza la kila sentensi ya aya yake katika safu moja, kutoka juu kwenda chini. Marudio atayaona mwenyewe. Achague sentensi mbili tu za kugeuza, kisha aisome aya kwa sauti.

Mzazi naye anaweza kusaidia hata kama hakusoma sana. Daftari lifungwe, mtoto asimulie safari ileile kwa mdomo. Mara nyingi atasema "Pale kwenye mitumbwi..." au "Yule mama alipotuona...", bila kufundishwa na mtu. Mzazi amkumbushe mianzo hiyo palepale, mtoto afungue daftari aiandike.