Kwa nini Vasco da Gama alikwenda India kwa wiki tatu na kurudi kwa miezi mitatu?

Tarehe 24 Aprili 1498 meli tatu za Wareno ziling'oa nanga Malindi kuelekea India. Kwa siku 23 mabaharia hawakuona nchi kavu, kisha milima ya pwani ya Malabar ikajitokeza, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Safari ya kurudi ilikuwa balaa. Walitoka kisiwa cha Anjediva, kusini mwa Goa, tarehe 5 Oktoba, na hawakuiona pwani ya Afrika hadi tarehe 2 Januari 1499, walipotokea mbele ya Mogadishu. Ni siku 89 katika bahari ile ile, kwa meli zile zile.

Jibu analo mvuvi yeyote wa Lamu au Pemba: kusi na kaskazi.

Kuanzia mwezi wa Aprili jua huwa limesogea kaskazini, na bara la Asia hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na ile ya baharini huvutwa kushika nafasi yake. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo huo hupinda, na ukivuka Ikweta huvuma kutoka kusini-magharibi. Hiyo ndiyo kusi, inayosukuma chombo kutoka kwetu hadi Gujarat na Malabar. Ikifika Desemba, Asia imeshapoa. Hewa nzito ya bara humiminika kuelekea baharini na upepo hugeuka kabisa, ukatoka kaskazini-mashariki. Kaskazi hiyo ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na India hadi Kilwa na Zanzibar, na huvuma mpaka Machi. Katikati ya pepo hizi mbili kuna tangambili: leo upepo unatoka huku, kesho kule, keshokutwa shwari kabisa.

Kusi yenyewe ina wakati wake. Juni na Julai huchachamaa kiasi kwamba bandari za Malabar zilikuwa zikifungwa, na nahodha mwenye akili hakuthubutu kuikaribia pwani ile. Kwa hiyo kutoka Malindi mwishoni mwa Aprili kulikuwa na hesabu ndani yake: kusi imeanza kuvuma, lakini haijakasirika.

Hesabu hiyo haikutoka Lisbon. Sultani wa Malindi, aliyekuwa na ushindani mkali na Mombasa na hivyo akitafuta marafiki, aliwapa Wareno rubani anayeijua njia. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar katika Ghuba. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali, kwa sababu ibn Majid alikuwa ameshazeeka wakati huo, na baadhi ya waandishi wa Kireno wa zamani wanamtaja mtu wa Gujarat. Awe nani awaye, inaniuma kuona vitabu vingi vya shule vikimpa Vasco da Gama sifa yote ya kuvuka, huku mtu aliyeshika njia akipita bila jina.

Basi kwa nini Gama hakusubiri kaskazi? Alikuwa ameharibu mambo Calicut. Zawadi alizoandaa kwa mfalme, Samudri, zilikuwa vitambaa vya mistari, kofia, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Watu wa mfalme walipoziona walicheka, wakasema hata mfanyabiashara maskini kabisa kutoka Makka hutoa zaidi ya hapo. Ukafuata ugomvi wa ushuru, bidhaa zikazuiliwa, Gama naye akakamata watu na kuwaweka melini. Aliondoka mwishoni mwa Agosti, na huko Anjediva alihofia kushambuliwa. Akatweka matanga Oktoba, katikati ya tangambili.

Shajara ya baharia mmoja aliyekuwa katika msafara huo inaeleza yaliyofuata. Mara shwari, mara upepo wa mbele. Bila matunda wala mboga, kiseyeye kikawaingia: fizi zilivimba na kuyafunika meno hata wakashindwa kula, miguu ikajaa, mwili mzima ukafura. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, juu ya wengine kama hao waliokuwa wamekufa kabla. Katika kila meli walibaki saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari waliagiza machungwa kwa ajili ya wagonjwa, na sultani akawapelekea, ingawa kwa baadhi yao yalikuwa yamechelewa. Siku chache baadaye, kwenye mafungu ya mwambao wa Tanga, waliichoma moto meli ya São Rafael kwa sababu hawakuwa tena na watu wa kuendesha meli tatu.

Wareno walirudi na mizinga. Mwaka 1505 waliziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa, wakaanza kulazimisha vyombo vya Bahari ya Hindi kununua vibali vyao. Lakini ratiba yao ilibidi waipange kwa pepo zile zile. Meli za India zilitoka Lisbon Machi au mwanzoni mwa Aprili, ili zizunguke Rasi ya Tumaini Jema mapema na kuwahi kusi, zikafika Goa karibu na Septemba. Kurudi, zilisubiri kaskazi na kuondoka Desemba au Januari zikiwa zimesheheni pilipili manga. Meli iliyochelewa njiani ilikwama kwenye Kisiwa cha Msumbiji kwa miezi kadhaa, mabaharia wakifa kwa homa, mpaka kusi ya mwaka uliofuata ianze kuvuma.