Kwa nini mkwaruzo wa gari hupotea ukiloweshwa, kisha hurudi?

Gari ni jeusi, mkwaruzo mlangoni ni mweupe. Ukimwagia maji, hauonekani. Jua likikausha, huo hapo tena, mweupe vilevile. Weupe huo umetoka wapi?

Mimi nilikuwa na jibu: rangi imebanduka, tunaona kilicho chini yake. Na polishi niliichukulia kama lipu, kwamba inajaza ufa. Niliwahi kuishindilia kwa kidole kwenye mkwaruzo na kuiacha usiku kucha "ishike". Nilipoosha gari, ilitoka yote. Nilikosea mara mbili. Rangi ilikuwa haijaguswa, na polishi haijazi kitu; inakula.

Juu ya rangi ya magari mengi ya leo kuna klia, tabaka angavu lenye unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa mtu una kama 70. Mikwaruzo ya dodoki lenye mchanga kwa kawaida huishia humo humo.

Sasa fikiria barafu. Pande lake zima unaona ng'ambo. Likwangue, unapata unga mweupe. Hakuna aliyeongeza chokaa. Kingo ndogo ndogo zimezaliwa, na kila ukingo unatawanya mwanga huku na huku. Mkwaruzo ni hivyo hivyo: bonde lenye kingo chakavu, limejaa hewa. Wanafizikia wana kipimo cha jinsi kitu kinavyopunguza kasi ya mwanga: hewa ni 1, maji 1.33, klia kama 1.5. Maji yakijaza bonde, tofauti na klia inapungua, na mwanga haushtuki sana unapovuka. Ndiyo sababu kanzu nyeupe ikilowa mvua inaonyesha fulana ya ndani. Mafuta ya kupikia, yenye kama 1.47, huficha vizuri zaidi na hayakauki upesi, jambo la kukumbuka ukienda kukagua gari lililotumika linalong'aa kupita umri wake.

Kuondoa mkwaruzo kwelikweli ni kazi ya randa. Seremala hajazi mchirizi ubaoni. Anashusha ubao wote hadi kimo cha mchirizi. Polishi ina chembe ngumu zinazofanya hivyo kwa mikroni chache. Dawa ya meno nayo husaidia kidogo kwa sababu hiyo hiyo, maana ina chembe za kusugua meno, ila hutofautiana mno na nyingine huacha ukungu. Na klia haioti tena: kila ukipolishi, umeipunguza.

Wengi hupima kina kwa ukucha. Ukinasa, ni kirefu. Kipimo kizuri, ingawa mkwaruzo mwembamba sana unaweza kuupita ukucha hata kama umezama. Mimi huanza na maji. Mstari ukibaki unaonekana mlango ukiwa umelowa chepechepe, huenda klia imeshavukwa, na hapo polishi haina kazi. Mtafute fundi rangi.