Kofa: jangwa ambalo gari linakufikisha tu

Nilipokuwa dereva wa watalii kaskazini mwa Tanzania, kazi yangu yote ilikuwa ndani ya gari. Mnyama akionekana unazima injini, wageni wanasimama, paa liko wazi, picha zinapigwa, mnahama. Kushuka ni mwiko. Sasa nimeendesha Arizona miaka sita, na lililonisumbua kuzoea si joto wala mawe. Ni kwamba huku ukibaki garini utarudi nyumbani umeona vumbi.

Februari nilimpeleka mpwa wangu Kofa, hifadhi ya wanyamapori iliyo kati ya Yuma na Quartzsite. Ina kilomita za mraba zipatazo 2,690, haipishani sana na Tarangire. Jina lake limetokana na mgodi wa dhahabu, King of Arizona, kwa kifupi K of A. Ilitengwa mwaka 1939 kwa ajili ya kondoo wa milimani, wale wa pembe nene zilizojikunja, baada ya maskauti wa Arizona kupiga kampeni tangu 1936. Aliyewachochea ni Frederick Russell Burnham, mzee ambaye ujanani alikuwa mpelelezi wa jeshi la Waingereza kusini mwa Afrika.

Tuliacha lami ya barabara namba 95 saa moja asubuhi, na papo hapo nikasimama kupunguza upepo. Lami naiendea na psi 36. Hapo nilishusha hadi 22. Tairi lenye upepo mdogo hulala chini, likakanyaga eneo kubwa zaidi, kwa hiyo mchanga haulimezi, na likikuta jiwe linabonyea badala ya kurukaruka. Ubaya wake ni kwamba ubavu wa tairi nao unatokeza nje, na mawe ya Kofa ni ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika. Mwaka wangu wa kwanza nilichana ubavu wa tairi kwa haraka zangu mwenyewe, na ubavu hauzibwi kwa kiraka. Tangu siku hiyo nabeba spea mbili. Maji nabeba lita nane kwa kila mtu, ingawa wengi hushauri nne, kwa sababu mtandao wa simu ukishapotea unakuwa umepotea kweli.

"Mjomba, si tukate tu pale katikati?" mpwa aliuliza, akionyesha uwanda mtupu. Hapana. Ule uwanda si mtupu. Udongo wake wa juu umejifunga kwa miaka mingi, mawe madogo yamepangana kama sakafu, na gurudumu likipita mara moja ndiyo basi. Kati ya 1942 na 1944 majeshi ya Marekani yalifanyia mazoezi kwenye majangwa haya, mwanzoni chini ya Jenerali George Patton, na kuna sehemu ambako alama za vifaru vyao zinaonekana hadi leo. Isitoshe, ndani ya Kofa kwenyewe kuna mabomu ya zamani ambayo hayakulipuka. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse.

Tulichepuka kuingia njia ya Kofa Queen Canyon. Njia yenyewe kwa sehemu kubwa ni korongo, mchanga mtupu, na mchanga wa korongo asubuhi ni kama gazeti. Nilishuka nikamwonyesha nyayo za koyote, jamaa ya mbweha, kisha za yule ndege mkimbiaji, rodirana, ambaye vidole vyake viwili vinatazama mbele na viwili nyuma, hivyo unyayo wake ni herufi X na huwezi kujua alikuwa anakwenda au anarudi. Palikuwa pia na vialama vya kurukaruka vya panya-kangaruu, ambaye anaweza kuishi bila kunywa maji hata tone. Mwili wake huyatengeneza kutokana na mbegu anazokula.

Kondoo hawana bahati hiyo. Wao wanategemea maji ya mvua yanayobaki kwenye mashimo ya miamba, pamoja na matangi yaliyojengwa na watu. Kwa hiyo tulizima gari, tukatembea kidogo, tukakaa kivulini na darubini. Huyu humtafuti kwa rangi, maana anafanana na jiwe. Unatafuta tako jeupe, na unasikiliza kokoto inayoporomoka. Saa nzima hatukuona kitu, na mpwa akaanza kuuliza habari za simba. Nikamwambia puma, simba wa milimani wa huku, wapo. Kondoo wa Kofa walishuka kutoka takriban 800 mwaka 2000 hadi karibu 390 mwaka 2006, na sehemu ya lawama ikawaangukia puma; wengine walivishwa kola za kufuatiliwa, wengine wakauawa. Mimi sijawahi kuridhika na hoja hiyo. Miaka hiyo ukame nao ulikuwepo, na ukame haupigwi risasi.

Kokoto ikaporomoka. Majike watano na mwanakondoo mmoja wa siku chache tu, wakishuka genge ambalo mimi nisingelishuka hata kwa kamba.

Pronghoni wa jangwa la Sonora, mnyama mwenye umbo la swala, hatukumwona. Waliachiwa Kofa kutoka kwenye zizi la kuzalishia, baada ya ukame wa 2002 kuwabakiza wachache mno nchini Marekani. Watu humwita swala, lakini si swala: ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Mpwa hakuniamini mpaka jioni alipotafuta mwenyewe.

Tulipokuwa tunajaza upepo kwa kompresa karibu na lami, alipiga kelele. Kipande cha choya, ile kaktasi ya miiba yenye vishikizo, kilikuwa kimemng'ang'ania kwenye kifundo cha mguu. Usikishike kwa mkono, kitahamia mkononi. Nilitoa kitana cha nywele ninachokiweka garini, nikakipitisha chini ya kipande, nikakirusha mbali. "Kumbe ndiyo maana una kitana," alisema, akitazama kipara changu.