Ada ya mfereji si bili ya bomba

Nimeambiwa tena kuhusu ada ya umwagiliaji ya chama chetu, safari hii na mzee ninayemheshimu sana: "Maji ya mto ni ya Mungu, nyie mnatuuzia." Mzee wangu, hakuna anayekuuzia maji. Kisheria ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake.

Ada ziko mbili. Ya kibali cha kutumia maji ya mto inakwenda bodi ya bonde, ambayo kwa mito inayoshuka Ziwa Tanganyika iko hapa hapa Kigoma, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Chama chetu cha wamwagiliaji kinalipa kufuatana na kiasi kilichoandikwa kwenye kibali. Ya pili ni ya kutunza skimu ya umwagiliaji: banio (kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini), malango, kuzoa mchanga kwenye mfereji mkuu. Hiyo mkulima anatozwa kwa ekari.

Linaloniudhi ni jibu linalofuata: "Basi tufungieni dira (mita za maji) kama mjini, kila mtu alipie alichotumia." Ndugu zangu, kufunika ekari moja ya majaruba ya mpunga kwa sentimita 10 tu kunataka lita zaidi ya 400,000, tena maji ya tope na majani. Dira ya bomba itaziba siku ya kwanza. Kinachofaa ni kujenga kwenye mfereji ukingo wa kupimia, yaani kizingiti ambacho maji yanapita juu yake, na kusimika kibao cha sentimita. Na hapo ndipo watu wanapokisoma kibao kama rula! Kina juu ya ukingo kikipanda kutoka sentimita 10 hadi 20, wanaandika maji mara mbili. Hapana. Maji yamenenepa na kasi nayo imeongezeka; kwenye ukingo mnyoofu yanakaribia mara tatu. Ukilipa mara mbili, wenzako wamekubebea.

Lakini hata ada ya ekari inaninyima usingizi. Aliye karibu na banio anajaza jaruba mchana kweupe. Wa mkiani anakesha na jembe begani akisubiri yaliyosazwa na mfereji wa udongo, na risiti zao zinalingana. Kutoza kwa saa za zamu kuna unafuu, ila saa ya juu na saa ya mkiani hazibebi maji sawa. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu nitasimamia hili: mgawa maji aandike saa pamoja na kina kwenye lango la kila kikundi, si pale banioni peke yake, na wa mkiani waongezewe saa bila kuongezewa ada.