Jarari si demani

Jarari ni kamba inayopandisha tanga na kulishusha. Demani ni kamba inayolishika tanga likiwa limekwisha kupanda, ukaivuta au kuilegeza kadiri upepo unavyotaka. Maana yake ni hiyo tu. Lakini kuanzia Mbeya mjini hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kila kamba inayogusa tanga siku hizi inaitwa demani, na kosa hilo si la midomo tu.

Sababu yake inaeleweka. Demani watu wamelisikia kwenye majira ya pwani, ule msimu wa kuanzia Agosti hadi Novemba kusi inapolegea, hivyo likitamkwa linanukia bahari. Jarari halijapanda huku milimani. Hata hivyo, aliyesoma shule ya msingi nchini ameiona kamba yenye kazi hiyohiyo kila asubuhi kwenye mlingoti wa bendera: inapanda, inapita juu ya kapi, inashuka kwa anayevuta. Na bendera ikikwama katikati, mara nyingi kamba imekuwa nyembamba mno, imetoka kwenye mfereji wa gurudumu na kubanwa kati ya gurudumu na shavu la kapi. Anayepita anadhani kuna msiba wa taifa. Kwenye chombo, tanga hukwama vivyo hivyo.

Sasa tazama asili ya maneno yenyewe. Jarari lina shina la Kiarabu, jarra, yaani kuvuta au kuburura. Demani linarudi kwenye neno la Kiajemi dāman, pindo la nguo. Mwanamke anayepita sokoni Mwanjelwa siku ya upepo hushika pindo la kitenge, hashiki kiunoni. Demani nayo imefungwa kwenye pembe ya chini ya tanga, kule linakopeperuka. Neno lenyewe linakuonyesha mahali pa kufunga. Kwenye jahazi jarari ina mwenzake, henza, kamba nene inayoshika foromali, yaani boriti inayofungiwa tanga, na kupita kichwani mwa mlingoti. Henza huishia kwenye kapi linaloitwa gofia, na jarari hupita humo ili watu wachache waweze kuinua uzito mkubwa. Kwenye mashua za kisasa henza haipo, jarari inafanya kazi yote peke yake.

Ukichanganya majina utanunua kamba isiyofaa. Jarari haitakiwi kuvutika, kwa hiyo nailoni haifai: tanga litapanda vizuri, kisha litalegea upepo ukizidi. Chukua poliesta iliyosukwa. Mlingoti wa mita 9 unataka mita 18 za kupanda na kushuka, na nyingine 3 za kufungia. Unene wa milimita 8 unatosha kwa mashua ndogo, mradi kamba ijaze mfereji wa gurudumu bila kubana. Demani huchaguliwa kwa mkono: iwe nene na laini, maana mtu ataishika saa nzima.

Kama mlingoti una uwazi ndani, dondosha kwanza uzi imara kutoka juu, ukiwa umefungiwa kipande cha cheni ya baiskeli, uvute kwenye tundu la chini. Kisha shona ncha ya jarari kwenye uzi huo, ncha kwa ncha, na uzungushie solotepu. Usipige fundo, litakwama kwenye kapi. Ukiwa na jarari mbili, hakikisha hazijasokotana humo ndani, la sivyo zitalana. Mwishoni piga fundo la nane kwenye ncha ya chini, kwa sababu jarari ikiponyoka ikapanda hadi juu, itabidi mtu apande mlingoti au mlingoti ulazwe.

Kubwa zaidi ni upepo wa ghafla. Mwera, upepo wa kusini-mashariki, ukichachamaa Ziwa Nyasa, nahodha hupaza sauti, “Legeza demani!” Tanga linapepea, nguvu inalitoka, chombo kinasimama wima. Aliyefundishwa kwamba demani ni ile kamba ya mlingotini ataifungua jarari, na foromali itashuka vichwani mwa watu, au tanga liangukie majini upande mmoja na kukivuta chombo kilale.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeonyesha kamba inayoshuka kando ya mlingoti pale Matema na kuiita demani: hiyo ni jarari. Demani ni ile aliyoishika nahodha.