Picha ya 3D ya meno: umesikia nini, na ukweli ni upi

"Nipige hiyo ya 3D, daktari, nimalize kabisa." Mimi si daktari, ni mpiga eksirei tu, lakini sentensi hii naisikia karibu kila wiki. Hiyo 3D ni eksirei inayozunguka kichwa na kuonyesha meno na taya kwa pande zote, si kwa upande mmoja tu.

Dhana: Ya 3D inaona kila kitu, kwa hiyo ndiyo bora.

Haioni kila kitu. Tundu linaloanza kati ya jino na jino husomeka vizuri zaidi kwenye eksirei ndogo ya kung'ata, ile unayong'ata kibao chake kidogo wakati wa kupigwa. Ukiwa na jino lililovikwa kofia ya chuma, mashine huchora miali myeupe na vivuli vyeusi pembeni yake, na asiye mzoefu anaweza kukiita kivuli hicho tundu. Ufizi nao hausomeki.

Utamu wake uko kwingine. Chukua gego la mwisho la chini lililolala, mizizi yake imekaribia mfereji wa neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Kwenye picha bapa, mzizi na mfereji vinaonekana vimepandana, na huwezi kujua kipi kiko upande wa ulimi na kipi upande wa shavu. Kwa 3D daktari analikata taya kwenye kompyuta slesi kwa slesi, kama mkate, na kupima nafasi iliyobaki kwa milimita. Neva hiyo ikijeruhiwa, mdomo unaweza kufa ganzi kwa miezi, na kwa wachache ganzi haitoki tena. Hapo sina ubishi: picha ipigwe.

Dhana: Mionzi yake ni ya kutisha. Au: haina mionzi kabisa.

Zote mbili nimeshazisikia kwenye benchi moja. Mionzi ipo. Eksirei ndogo ya jino hutoa mikrosivati (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) chache tu. Ya 3D huanzia makumi hadi mamia, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo. Ardhi, anga na chakula hutupa wastani wa mikrosivati 2,400 kwa mwaka duniani. Kwa hiyo usikimbie, ila uliza: mnatafuta nini, na kwa nini uso mzima wakati linalouma ni jino moja? Kwa mtoto, uliza mara mbili. Hapa Tanzania mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na kuulizia leseni si utovu wa adabu.

Dhana: Utalazwa ndani ya bomba.

Unasimama au unakaa, kidevu kwenye kishikio, hereni na meno ya bandia pembeni. Mkono wa mashine unakuzunguka, sekunde 10 hadi 40. Ukigeuka kidogo tu, picha inaharibika, tunarudia, na mionzi unaipata upya.

Dhana: Ile kalamu inayopitishwa mdomoni ndiyo hiyo hiyo.

Hapana. Ile ni kamera na mwanga wa kuchukua umbo la meno, imekuja badala ya ule uji mzito wa kung'ata unaotapisha watu. Haina mionzi, na ndani ya mfupa haioni chochote.